Mkufunzi wa Kabla ya Hapo

Mkufunzi hukuweza kumpa habari ikaisha. Ukimwambia maziwa yamemwagika, aliuliza, "Kabla ya hapo?" Ukimjibu kwamba paka alipita mezani, aliuliza tena, "Na kabla ya hapo?" Mwishowe ulijikuta unaeleza kuwa uliacha dirisha wazi ili usikilize ugomvi wa majirani, na maziwa yameshasahaulika, na anayechunguzwa sasa ni wewe. Wanafunzi waliotutangulia walimwita Mama Kabla. Alilijua jina hilo na hakulikataza. Nadhani lilimpendeza, ingawa kupendezwa kwake kulikuwa kugumu kutambua, maana uso wake haukuwa na kazi nyingi zaidi ya kushikilia miwani.

Alikuwa mkufunzi wa walimu. Sisi tuliokwenda kwake tulikuwa tayari na vyeti na miaka kadhaa ya vumbi la chaki. Tulichaguliwa tuongezewe mwaka mmoja, tujue kufundisha watoto walioshindikana katika shule za kawaida: wasiosikia, wasioona, na wale ambao macho na masikio yao yalikuwa mazima lakini walirusha mawe, au hawakusema, au hawakutulia mahali. Mafunzo yalianza katika miaka ya hamsini, na mimi niliyapata mwaka ule ule wa uhuru. Jengo letu lilikuwa ghala la pamba la zamani, upande wa Kiseke, ambako wakati huo kulikuwa na mihogo, majabali na nyumba chache. Upepo wa ziwa ukivuma, nyuzi za pamba zilitoka kwenye nyufa za ukuta na kutua juu ya vichwa vyetu, nasi tulionekana wazee kabla ya wakati.

Sikumpenda. Naliandika hili mapema ili msomaji asisubiri niseme alikuwa mama yetu wa pili. Hakuwa mama wa mtu yeyote pale. Alivaa gauni la kijivu na viatu vya kiume vya kamba. Mchana alikula viazi vitamu na dagaa, akiwa amesimama dirishani, akiwatazama watoto wakicheza. Hakutufahamu kwa majina, au alijifanya hatufahamu. Mimi aliniita "wewe wa mjini", kwa kuwa nilizaliwa Mwanza mjini, binti wa fundi cherehani, na nilikuwa naogopa ng'ombe. Mwenzetu mmoja alikuwa "yule wa Musoma", mwanaume mtu mzima mwenye watoto wakubwa kuliko baadhi yetu. Mwingine alikuwa "mama wa Magu", Msukuma mnene, mpole, ambaye watoto walimkimbilia hata kabla hajavuka mlango.

Kulikuwa na maneno ambayo hayakuruhusiwa ndani ya ghala lile. Mkorofi. Mkaidi. Mtukutu. Mvivu. Mjinga. Mkufunzi aliyaita vifuniko. Alisema ukishafunika chungu, huoni tena kilichomo, unabaki kusikia harufu tu. Namkumbuka yule wa Musoma akitoa ripoti ya asubuhi kuhusu mtoto mmoja aliyeitwa Yohana.

"Leo Yohana amekuwa mkorofi."

"Ukorofi umeuona?" Mkufunzi aliuliza.

"Nimeuona, Mkufunzi."

"Una miguu?"

"Hauna."

"Sasa uliingiaje darasani? Niambie mikono ya Yohana ilifanya nini."

Mikono ya Yohana ilikuwa imemwaga uji. Kabla ya hapo, bakuli lake lilikuwa limechukuliwa na mtoto mwingine, akapewa jingine lenye ufa, na mwalimu hakuona. Kila ripoti iliishia huko, kwenye jambo dogo ambalo mtu mzima hakuliona, na tulianza kumchukia kidogo kila asubuhi kabla ya chai.

Siku moja alitupeleka Mwaloni, sokoni kwa samaki, tukatazame ugomvi. Ugomvi haukukosekana. Mama mmoja alimmwagia mwenzake maji ya samaki mpaka kitenge kikamgandia mwilini. Tukaambiwa tuulize, taratibu na kwa heshima, nini kilitangulia. Yalitangulia matusi. Kabla ya matusi, beseni la kambale lilisogezwa. Kabla ya beseni kusogezwa, kivuli cha kibanda kilihama kwa sababu jua lilihama, na samaki wa mama wa kwanza wakabaki juani.

"Kwa hiyo waliogombana ni nani?" Mkufunzi alituuliza njiani.

Mama wa Magu alifikiri. "Jua na beseni," akasema.

Mkufunzi alikubali kwa kichwa, na hiyo ndiyo sifa pekee tuliyoiona mwezi ule. Mimi nilikuwa nawaza viatu vyangu, ambavyo vilinuka samaki mpaka sikukuu.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na hakuona haja ya kuyapatanisha. Alihubiri uvumilivu kwa watoto, lakini kwa watu wazima hakuwa nao hata kijiko kimoja. Alitukataza huruma, akisema mtoto akihurumiwa sana anafundishwa kuhurumiwa, halafu tulimkuta jikoni akimchomolea mtoto asiyeona miiba ya sato, mmoja mmoja, huku akimkemea kwamba ajifunze mwenyewe. Na kulikuwa na suala la vitunguu. Walimu hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano ya siasa, na yeye hakubishana na katazo hilo. Ila waliotutangulia walituambia kwamba, miaka ile ya pilikapilika za kudai uhuru, kila siku ya mkutano alikwenda kununua vitunguu kwenye kibanda kilichopakana na uwanja, na kuchagua vitunguu kulimchukua muda mrefu kama hotuba ilivyokuwa ndefu. Nyumba yake ilinuka vitunguu tangu barazani. Watoto walipikiwa mchuzi wa vitunguu na vitunguu.

Siku tuliyorudi darasani baada ya sherehe za uhuru, tuliingia tukiimba. Alituacha tumalize.

"Tumepata uhuru, Mkufunzi!" alisema yule wa Musoma, machozi yakimlengalenga.

"Kabla ya hapo?" aliuliza, halafu akageukia ubao haraka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hatukujua kama anacheka au analia, na hakuna aliyethubutu kuzunguka mbele akamtazame.

Lakini jambo ambalo hakuwa na mzaha nalo hata kidogo ni salamu. Ukiingia bila shikamoo, alikurudisha nje, ukapiga hodi upya, ukaingia upya. Ukisema shikamoo huku unatazama vitabu vyako, ulirudi nje vilevile. Yule wa Musoma siku za mwanzo aliona hili ni utoto, akakaa nje kwa kiburi asubuhi nzima, akafundishwa kupitia dirishani. Mkufunzi hakupunguza sauti wala kuongeza. Saa sita yule bwana alipiga hodi, akaingia, akasema shikamoo vizuri kabisa, akajibiwa marahaba kama vile ndiyo kwanza amefika kutoka Musoma. Ndiyo maana yaliyotokea kwa Kabula yalitushangaza, na mpaka leo sijui kama nimeyaelewa yote.

Kabula aliletwa na baba yake, mkulima wa pamba kutoka Misungwi, miezi michache kabla ya uhuru. Alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Aliletwa kwa kamba. Ilifungwa kiunoni, na baba yake aliishika ikiwa imelegea, kwa uangalifu, na chini ya fundo alikuwa ameweka kitambaa ili lisimchubue. Nilimtazama yule baba nikitafuta ukatili, sikuuona. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Nikimwacha, anakwenda lambo," alimweleza Mkufunzi. "Ameshaopolewa majini, siyo siku moja. Nikimfunga kwenye nguzo ya nyumba, nalima. Halafu anang'ata watu. Sasa ninyi mtatazama."

Mkufunzi aliifungua kamba, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa darasa, mahali ambapo sote tungeiona kila siku. Baraza la kwao lilikuwa limekubali kumlipia chakula kwa muda. Baadaye mzee mmoja wa baraza angekuja kumwona. Akiridhika, Kabula angebaki. Asiporidhika, angerudi Misungwi kwenye nguzo, na hakuna aliyeweza kusema angefunguliwa lini, maana watoto hukua na kamba hununuliwa nene zaidi.

Nilipewa mimi. Hakusema, hakukutazama usoni, na ukimwita hakugeuka, ingawa bati likigongwa mbali alishtuka. Siku nzima aliokota mbegu za pamba kwenye nyufa za sakafu na kuzipanga mistari, na mistari ile ilinyooka kuliko madaftari ya wanafunzi wangu wote wa zamani. Siku hizi nasikia watoto wa aina yake wana jina. Sisi hatukuwa nalo, na Mkufunzi alisema ni afadhali, maana tungelifanya kifuniko.

Na kweli aling'ata. Alimng'ata mpishi, akamng'ata mganga wa zahanati, akamng'ata padri mmoja aliyepita kutusalimu. Ripoti zangu zote zilifanana: mgeni ameingia, Kabula amemng'ata.

"Kabla ya hapo?" Mkufunzi aliuliza.

"Hakuna kitu, Mkufunzi. Alikuwa anapanga mbegu."

"Mgeni ameingia. Halafu?"

"Halafu amemng'ata."

"Unaruka," alisema. "Kati ya mlango na meno kuna kitu, wewe wa mjini. Nenda ukakitafute."

Nilitafuta. Nilidhani ni harufu ya wageni, nikadhani ni rangi ya nguo, nikadhani ni viatu. Wenzangu nao walisaidia kutazama, na sote tuliona hilo hilo: mgeni, halafu meno. Nilianza kulala vibaya. Nilikuwa naitazama ile kamba kwenye msumari kila ninapofunga mlango, nikijua kwamba ripoti zangu ndizo zitakazoirudisha kiunoni mwa mtoto.

Mwishowe Mkufunzi alikasirika, akaamuru tuigize. Watoto walikuwa nje wakila. Mimi nikawa Kabula, nikakaa sakafuni na mbegu zangu. Yule wa Musoma akawa mgeni. Mama wa Magu alikaa karibu yangu, awe mwalimu.

"Hodi," alisema yule wa Musoma.

"Karibu," alijibu mama wa Magu.

Akaingia. Na hapo hapo, bila kuambiwa na mtu, mama wa Magu aliweka mkono begani kwangu akanisukuma taratibu, nipige magoti.

"Tulieni hapo hapo," alisema Mkufunzi. "Huo mkono ni wa nani?"

Mama wa Magu aliutazama mkono wake kama si wake. "Anasalimia, Mkufunzi. Namsaidia mtoto asalimie."

"Na hufanya hivyo kila mgeni akija?"

"Sote tunafanya."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Mimi ndiye niliyejibu, nikiwa bado nimepiga magoti. "Lakini hiyo ni salamu tu, Mkufunzi."

Msomaji wa kwetu ataelewa jinsi tulivyopitwa. Usukumani mtoto wa kike humsalimu mkubwa akiwa amepiga magoti, na mtoto akichelewa, aliye karibu humshika bega akamsaidia. Ni wema. Mpishi aliufanya, mganga aliufanya, padri mwenyewe alimwinamisha kichwa, nami binti wa mjini niliyezoea kusalimia wima nilishaiga. Tulikuwa tumeagizwa kutaja kila kilichotokea, tukataja upepo, tukataja nzi, lakini salamu hatukuitaja, kwa kuwa kwetu salamu haihesabiki kuwa jambo limetokea. Mambo huanza baada ya salamu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumgusa Kabula ili asalimie, wala kumsubiri asalimie. Ilikuwa kashfa. Mpishi alisema mtoto asiyemsalimu mpishi haoni sababu ya kumwongezea uji. Mama wa Magu alikalia mikono yake, kweli kabisa, aliikalia, wageni walipoingia. Yule wa Musoma, ambaye hakuwa amesahau asubuhi yake ya dirishani, alisimama kulalamika.

"Mkufunzi, sisi unaturudisha nje kwa ajili ya shikamoo. Huyu mtoto unamwachia. Haki iko wapi?"

"Ninyi mnaweza," alijibu. "Yeye bado. Kaa chini."

Kung'ata kulipungua, halafu kukakoma. Nilifurahi sana, nakiri, nikamwandikia baba yangu kwamba nimekuwa bingwa. Kilichobaki kilikuwa mzee wa baraza.

Alikuwa mtu mwema. Ndiye aliyepigania tupewe lile ghala wakati wengine walitaka liwe stoo ya magunia. Mkufunzi alipanga kumpokea nje, ampe chai, amweleze taratibu kuhusu salamu. Lakini yule mzee alifika mapema pamoja na baba yake Kabula, akapitia mlango wa watoto, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya mtoto, akasimama na fimbo yake. Akasubiri.

Kabula alipanga mbegu. Mzee alisubiri. Nilimwona mama wa Magu akichomoa mkono mmoja kutoka chini yake, polepole, mkono ukaanza kwenda kwenye bega la mtoto. Ndipo Mkufunzi alipovuka chumba. Mwanamke yule, ambaye hatukuwahi kumwona akiinama mbele ya afisa wala mkaguzi, alipiga magoti yote mawili kwenye sakafu ya ghala, kati ya mzee na mtoto.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Hiyo ni ya Kabula."

Mzee hakuitika. Shikamoo isiyoitikiwa haiondoki, inabaki chumbani na kila mtu anaisikia.

"Wewe ulishanisalimu juzi barazani," mzee alisema mwishowe. "Nataka ya mtoto."

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Mtoto amekaa, mtu mzima yuko magotini." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa masikitiko. "Mama, shule isiyofundisha salamu inafundisha nini?"

Swali halikuwa la kijinga. Mkufunzi alibaki pale chini. Kabula hakuwa amemng'ata mtu. Hakuwa hata amesimama. Lakini hakuna aliyelisifia hilo, kwa kuwa jambo ambalo halikutokea halionekani. Mzee alizunguka darasa, akawasifu wasioona kwa kusoma kwa vidole, akanywa chai, akasema kwa adabu kwamba baraza halitaendelea kulipa.

Baba yake Kabula alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alipoambiwa amchukue mtoto, alikubali kwa kichwa tu. Mkufunzi aliitungua kamba yeye mwenyewe. Lakini hakuitoa mara moja.

"Baba Kabula. Akienda lambo, kabla ya hapo kunakuwa na nini?"

"Hakuna kitu."

"Fikiri."

Alifikiri. Aliitazama kamba mkononi mwa Mkufunzi, akatazama sakafu mahali Mkufunzi alipokuwa amepiga magoti, vumbi lilikuwa bado lina alama. Yule wa Musoma alianza kusema neno, Mkufunzi akamzuia kwa kidole.

"Wageni," alisema baba yake Kabula, taratibu. "Wakija wageni nyumbani. Tukishamsalimisha, anatoka mbio."

Mkufunzi alikubali kwa kichwa, kama alivyofanya kwa jua na beseni, akampa kamba. Nilingoja aseme zaidi. Nilingoja amwagize, amkanye, amwombe. Yule baba alimfunga Kabula kiunoni, akaweka kitambaa chini ya fundo kama mwanzo, maana barabarani kulikuwa na malori ya pamba, wakaondoka. Nilimkasirikia Mkufunzi kiasi kwamba jioni ile sikumtazama usoni, na nikamwambia mama wa Magu kuwa huyu mwanamke hana moyo.

Kesho yake alitufundisha kama kawaida. Katikati ya somo alivua miwani, akaisafisha, halafu akatuambia hadithi pekee aliyowahi kutusimulia kuhusu mwaka wake wa masomo Ulaya. Alisema katika nyumba aliyopangiwa, kila asubuhi alishuka ngazi akawakuta watu mezani, nao hawakumsalimu. Hawakuwa na nia mbaya. Ilikuwa desturi yao, waliinua macho kidogo wakaendelea kula. Siku za kwanza alidhani amewaudhi. Baadaye alianza kuhisi kwamba hayupo, kwamba mikono anayoiona juu ya meza si yake.

"Nilitaka kumng'ata mtu," alisema.

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Ninyi nawarudisha nje kwa ajili ya mwaka ule," alisema. "Na yule mtoto nilimwacha kwa ajili ya mwaka ule ule. Andikeni kichwa cha somo."

Mwaka uliisha, tukapewa vyeti vya pili, nikapelekwa Sengerema kufungua darasa katika shule iliyokuwa na hamu na mimi mpaka walipojua nitahitaji chumba. Ninachotaka kusema ni kwamba Mkufunzi alikuwa na kanuni: mtoto akiondoka, mwalimu amfuate mpaka kwao, akaone anaishije. Yeye mwenyewe alivuka kwenda visiwani kwa ajili ya mtoto mmoja, na akapanda mpaka Mara kwa ajili ya mwingine. Misungwi iko karibu tu, lakini hakwenda. Nilipomwandikia kumuuliza, alinijibu mambo mengine yote niliyouliza isipokuwa hilo.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimevuka kwa kivuko kuja Mwanza likizo, nikamkuta sokoni, amestaafu, ana fimbo, anachagua vitunguu.

"Shikamoo, Mkufunzi. Mikutano siku hizi inaruhusiwa."

"Marahaba. Nimeshazoea," alisema, akaendelea kuvibinya. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, alivileta vitunguu karibu sana na miwani. Halafu, bila kunitazama: "Kesho nakwenda Misungwi. Nahitaji mtu wa kunibebea kikapu."

"Kwa Kabula?"

"Mzigo ni wa vitunguu. Si mzito."

Tulifika asubuhi. Tulielekezwa mpaka kwenye ua wa minyaa, na nje ya ua Mkufunzi alisimama, akakataa kwenda mbele. Chini bondeni lambo lilikuwa linang'aa. Aliishika fimbo kwa mikono miwili, akalipa lambo mgongo, na hapo ndipo nilipojua kwa nini hakuwa amekuja miaka yote ile. Nilimwonea huruma, ingawa ilikuwa imekatazwa.

"Niambie unachokiona," alisema.

Nilichungulia. "Naona nyumba. Naona nguzo ya barazani."

"Nguzo ikoje?"

"Ina mfereji, umezunguka, pale kamba iliposugua."

"Na kamba?"

"Sioni kamba, Mkufunzi."

"Usiruke. Tazama vizuri."

"Kuna ndama kule pembeni, amefungwa. Kamba ni ile. Ina kitambaa kwenye fundo."

Alivuta pumzi. Baba yake Kabula alikuwa ametusikia. Alitoka nyuma ya nyumba, mvi kichwa kizima, jembe mkononi. Alimtambua Mkufunzi mara moja, lakini hakusema karibu wala habari. Alilaza jembe chini. Halafu mzee yule, mwanaume, mbele ya wanawake wawili, katika nchi ambayo wanaopiga magoti ni mabinti, alipiga magoti yote mawili kwenye vumbi la ua wake.

"Shikamoo, Mkufunzi," alisema. "Hiyo ni ya Kabula."

Mkufunzi hakuitika. Yule baba hakuinuka, alingoja kama mtu aliyezoea kungoja, akaeleza akiwa pale pale chini.

"Kila mgeni nafanya hivi. Mwanzo walinicheka sana, walisema nimelogwa. Wakachoka. Sasa wanaitika tu, wanakaa. Yeye lambo anakwenda kuchota maji, anarudi mwenyewe."

Nyuma yake, ng'ambo ya ua, kulikuwa na shamba la pamba lililofunguka, na ndani yake mwanamke kijana mwenye mfuko wa kitambaa shingoni, anachuma. Alichuma mstari mmoja mpaka mwisho, akarudi na mwingine, bila kuacha hata kitumba kimoja nyuma.

Mkufunzi aligeuza uso upande ule. Sidhani kama aliweza kuona zaidi ya weupe. Alikohoa, akanyoosha mgongo, akaitika kwa sauti ile ya darasani iliyokuwa ikitufikia mpaka nje ya dirisha.

"Marahaba, Kabula."

Kabula hakugeuka. Aliutikisa mfuko ili pamba ishuke, akaendelea kuchuma.